Puliza Nione

Mama yangu hakununua kuku kwa kumtazama tu. Alimpokea kutoka mikononi mwa mwenye kuku, akamlaza juu ya mkono wake wa kushoto, akainama na kumpuliza kidarini. Manyoya yalifunguka na ngozi ikaonekana. Ikiwa safi na imejaa nyama, mama aliitikia kwa kichwa. Ikiwa na madoadoa, au mfupa wa kidari umechongoka, alimrudisha kuku kwenye tenga bila kusema neno, na mwenye kuku hakuuliza kwa nini. Nimekulia nyuma ya jiko la hoteli nikiona pumzi hiyo ikitoka kila siku ya soko, na mpaka leo nikipita penye kuku midomo yangu hujikunja yenyewe.

Nikisema hoteli mtu asifikiri kuna vitanda. Ni chumba kimoja cha mabati pale Lurambi, Kakamega, kando ya barabara iendayo Malava, chenye meza za mbao, mabenchi, na jiko la kuni nyuma. Watu huja kula obusuma, yaani ugali, kwa kuku na mrenda. Wananawa, wanakula, wanadai mchuzi wa kuongezea, wanakwenda zao. Mchuzi wa kuongezea haulipiwi. Hiyo ilikuwa sheria ya mama, na nimejaribu kuifuta mara kadhaa nikashindwa, maana wateja wangu wana midomo.

Kuku wetu walitoka Kabras, kwa mwanamke tuliyemwita Senje, yaani shangazi. Hatukuwa na undugu wa damu naye. Mama ndiye aliyeanza kumwita hivyo, sisi watoto tukafuata, na baadaye hata wateja waliomzidi umri wakawa wanamwita Senje. Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, na sauti yake ilifika jikoni kabla yake. Kwao miwa ilizunguka nyumba pande zote, lakini yeye hakuihesabu kuwa mali yake. “Miwa ni ya mzee,” alipenda kusema. “Hiyo inangojanga kiwanda. Kuku ni wangu, na kuku hawangojangi mtu.”

Siku ya soko alifika kabla jua halijakaza, tenga kichwani, kuku wametokeza vichwa kwenye matundu wakiushangaa mji. Hakupitia mlango wa wateja hata siku moja. Alizunguka nyuma, akatua tenga kando ya kuni, akaita, “Mulembe!” na mama akaitikia akiwa bado ana unga mikononi. Hapo kuku walisahauliwa. Waliulizana habari za watoto, za mvua, za magoti, za fulani aliyeoa tena na za fulani ambaye angefaa kuoa lakini amekataa. Mimi nilikuwa pembeni nikikata sukuma na kuyameza maneno yote. Chai ilimiminwa, viazi vitamu vikatolewa, na baada ya hapo ndipo mama aliposimama, akajipangusa mikono kwa leso na kusema, “Haya, Senje. Nione.”

Nilizipenda sana asubuhi zile. Nimejaribu kuzikumbuka kwa mpangilio nikashindwa, zimechanganyika zote zikawa asubuhi moja ndefu yenye moshi wa kuni na vicheko vya wanawake wawili.

Lakini iko moja ambayo imejitenga. Hoteli ilikuwa imejaa mpaka watu wanakula wamesimama; nadhani kulikuwa na mkutano wa kanisa. Senje alipofika nyuma, mama alimpazia sauti kutoka penye sufuria: “Waweke hapo tu, Senje, leo sitazami. Mimi nakuamini.”

Kwangu ilisikika kama sifa. Senje hakuwaweka. Alikaa juu ya gogo, tenga mapajani, uso umefungwa, akakataa hata chai. Mama alipokuja kumuuliza kuna nini, alijibu, “Unaamini nini na haujaona? Kama kuku wangu hawana maana kwako, sema. Nirudi nao.”

Mama akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Wateja wakangoja. Aliwatoa kuku mmoja baada ya mwingine, akawapuliza wote polepole, na Senje akasimama kando akitazama kila kifua kama mzazi anayesomewa matokeo ya mtoto wake. Alipomaliza, chai ilinywewa kama kawaida.

Nilikuwa msichana mwenye haraka na niliona wazee hawa wana maringo ya bure. Siku hizi naelewa. Kwa Senje, kumkagua kuku wake mbele yake hakukuwa kumshuku. Alikuwa amewaangua, amewalisha, amewafukuzia mwewe, na alitaka mtu ayaone hayo. Kumwambia unamwamini bila kutazama kulikuwa kama kula chakula cha mtu huku macho yako yako barabarani.

Mama alifariki. Nalisema kwa ufupi kwa sababu nikianza kulisema kwa urefu sitamaliza. Senje alikuja mazishini na fimbo, nyonga imeanza kumsumbua, akalia kwa sauti kubwa, akarudi kwao, na hakufika tena mjini. Mimi nikabaki na hoteli, sufuria za mama na ile sheria yake ya mchuzi.

Kuku nikaanza kununua kwa madalali wa pikipiki. “Wa kienyeji, madam, wa kienyeji kabisa!” walisema, na hawakuzima hata injini. Kuku walikuwa wamefungwa miguu mafungu mafungu, ukitaka kumpuliza mmoja inabidi uwapulize wote na dalali mwenyewe. Walikuwa chotara waliokuzwa ndani ya banda kwa chakula cha gunia, kisha wakatolewa nje kidogo wapate vumbi. Nyama ilivunjika kabla obusuma haijaiva. Nina mteja mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa kuongea kwa sauti ya darasani. Alionja mchuzi, akaweka bakuli chini na kutangazia hoteli nzima, “Huyu kuku hakuwahi kukimbizwa na mtu.” Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Mimi nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli, na wiki zilizofuata mabenchi yalianza kuonyesha mbao zake.

Sikuwa peke yangu. Wenye hoteli wengine mjini walikuwa wameumizwa na madalali wale wale, na ndiyo maana tukaanzisha kundi kwenye simu. Mfugaji anaweka picha ya kuku wake na bei. Mnunuzi anachagua, analipa kwa simu, na pesa zinakaa kwa msimamizi mpaka kuku wafike salama. Kisha mnunuzi anampa mfugaji nyota, moja hadi tano, na kila mtu anaziona. Msimamizi alikuwa mwanamume mpole aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika, mtu wa kuandika ujumbe wenye aya tatu ili kutuambia habari za asubuhi. Wafugaji waliingia kutoka Matungu, Kabras na kwingineko, na kila mmoja alihitaji mdhamini aliyemjua. Mimi nilimdhamini Senje.

Alikuwa ameshanunua simu ya kugusa, na mwanzoni aligombana nayo. “Hii kitu inaogopanga kidole changu,” aliniambia. Picha zake za kwanza zilikuwa za dole gumba, za mawingu, na moja ya mguu wake mwenyewe ndani ya kandambili. Siku moja akapiga picha iliyotulia: jogoo mwekundu, mkia wa kijani unaoelekea weusi, amesimama juu ya rundo la kuni, kifua mbele, anatazama kamera kama aliyeitwa kwa jina. Kundi zima lilimsifia. Tangu hapo, kila Senje alipokuwa na kuku wa kuuza, alituma picha ya jogoo yule. Akiwa kwenye kuni, akiwa mlangoni, akiwa amegeuka upande.

Mimi picha zile nilizipita tu. Nikitaka kuku nilimpigia, nikasema, “Senje, nitumie wanne,” na wanne walikuja kwa bodaboda wakiwa ndani ya tenga, bila kufungwa miguu. Niliwapuliza nyuma ya jiko, peke yangu, na kila mmoja alikuwa na kifua kizuri. Mchuzi ulirudi. Mabenchi yakajaa. Mwalimu mstaafu alikula kimya, na kutoka kwa mtu yule kimya ni nyota tano.

Kisha mwenye hoteli ya ghorofa akaandika kwenye kundi. Alikuwa na wageni wakubwa, akaagiza jogoo wa kwenye picha, akaletewa mtetea. “Mnono, sikatai,” aliandika, “lakini nilionyeshwa jogoo.” Kabla sijamaliza kusoma, mwingine akadakia kwamba naye vivyo hivyo. Halafu wa tatu. Mtu akatafuta picha zote za Senje akazipanga moja baada ya nyingine: jogoo ni yule yule, miezi yote, ameshauzwa kwa watu wengi na bado amesimama juu ya kuni. Nyota zikaporomoka mpaka moja. Kisha neno lile likaandikwa, tapeli, na chini yake vidole gumba vya kuunga mkono.

Niliandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, nikayafuta. Nikaandika mengine mafupi zaidi na mabaya zaidi, nikayafuta pia. Msimamizi akaweka aya zake tatu: kundi limejengwa juu ya ukweli wa picha, mfugaji ana mpaka Jumamosi kujieleza, na asipoeleza ataondolewa, kwa masikitiko.

Senje akiondolewa, hakuwa na mahali pengine pa kuuza. Nyonga haikumruhusu kufika sokoni, na madalali waliopita langoni kwake walilijua hilo wakawa wanamtajia bei ya kumcheka. Kuku ndio waliokuwa wake peke yake. Na hata ukiacha soko, kulikuwa na lile neno. Mwanamke aliyekataa kuuza kuku asiyepulizwa sasa anaitwa tapeli na watu ambao hawajawahi kumwona.

Nilimpigia. Alipokea kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

“Nimesoma,” alisema. “Usinisomee.”

“Senje, huyo jogoo…”

“Jogoo amefanya nini?”

“Watu wanamtaka. Wanaagiza yeye, unawatumia wengine.”

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akipasua kuni. “Anayetaka jogoo wangu ni nani?” akauliza, na sasa sauti ilikuwa imeanza kurudi. “Huyo si wa kuuza. Huyo ni wa boma. Mtu akikujanga kwangu, anaonanga nani kwanza? Si yeye? Ndio anajua hapa kuna watu. Sasa mliniambia niweke picha wanunuzi wanijue. Nikaweka mwenye boma. Nilikuwa nawasalimia!”

“Na kuku wa kuuza?”

“Si wako kwa tenga! Nani anapiganga picha kuku akiwa kwa tenga?”

Nilikaa chini juu ya gunia la makaa. Ningeweza kucheka na ningeweza kulia. Kwetu ni kweli, mgeni hupokewa na jogoo wa boma, na boma lisilo na jogoo watu hulipita wakinong’ona. Senje alikuwa amemweka pale mbele kama mtu anavyokuja mlangoni kukukaribisha. Sisi wengine tulimwona tukatafuta bei yake.

“Nitoeni tu,” alisema mwishowe. “Nitauzia hao wa pikipiki. Mimi si wa kuitwa hivyo na umri wangu.”

“Hutoki,” nikamwambia kwa ukali. Mimi nikiogopa huwa mkali. “Jumamosi tutawapigia wote simu ya video. Utawaonyesha kuku wenyewe. Utawapuliza waone.”

“Nani atapuliza?”

“Wewe.”

“Eh! Mwenye kuku hapulizangi kuku wake. Utajisifu mwenyewe? Anayepuliza ni mnunuzi.”

Nilibishana naye mpaka bando likakaribia kuisha. Hakutikisika. Jambo hilo halikufanyika kwao, halikufanyika kwa mama yake, na hangelianzisha yeye, tena mbele ya watu waliomwita jina baya. Nilikata simu nikiwa nimekasirishwa na yeye, na msimamizi, na mwenye hoteli ya ghorofa, na jogoo.

Jumamosi ilifika nikiwa sina jibu. Alasiri, wateja walipopungua, niliketi kwenye benchi la nyuma nikawapigia. Nyuso ziliingia moja moja kwenye kioo: msimamizi na miwani yake, mwenye hoteli ya ghorofa ndani ya suti, wengine ambao nilizoea kuona maneno yao tu. Senje aliingia wa mwisho. Alikuwa ameegemeza simu mahali chini, labda kwenye sufuria, kwa hiyo tulimwona kuanzia magotini kwenda juu, amejifunga kanga safi, tenga kando yake. Alisalimia, “Mulembe,” na waliojibu walijibu kwa kusitasita.

Nikaeleza habari ya jogoo wa boma. Niliona baadhi yao wakianza kutabasamu kwa aibu, hasa waliotoka vijijini, maana walijua. Mwenye hoteli ya ghorofa hakutabasamu. Alisema hadithi ni nzuri, lakini yeye hununua kile anachokiona, na atajuaje kilichomo ndani ya tenga?

Senje akamtoa mtetea mmoja, wa rangi ya majivu, akamlaza mkononi. Akasimama hivyo hivyo, kuku mkononi, akitungoja. Niliona anangoja nini, na sikuwa na namna ya kumpa, kwa sababu yeye alikuwa kule Kabras na mimi Lurambi, na katikati ni miwa na lami.

“Haya, Senje,” nikajisikia nikisema. “Nione.”

Nikasogeza midomo karibu na simu, nikapuliza.

Mtandao ulichelewa kidogo. Kisha Senje, aliyeisikia pumzi yangu, akainama haraka akapuliza mahali pangu, na manyoya yakafunguka. Ngozi ile tuliiona sote, ya manjano, nyororo, imejaa nyama pande mbili za mfupa. Mtu fulani kwenye kundi aliachia mguno, ule wa mtu anayeonyeshwa chakula.

“Nani mwingine?” Senje aliuliza. Sauti yake kubwa ilikuwa imerudi yote.

Walitazamana, kama watu wanaweza kutazamana ndani ya simu. Halafu mwenye hoteli ya ghorofa akakohoa, akalegeza tai, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, “Na mimi naweza kupuliza?”

“Si wewe ndio mnunuzi? Puliza.”

Akapuliza. Aliipuliza simu yake kwa nguvu kama anazima mshumaa wa kanisani, na kule Kabras Senje akainama akamfungulia manyoya ya kuku wa pili. Baada yake kila mtu alitaka zamu. Mtu mmoja alipuliza akiwa amezima sauti, Senje hakumsikia, wote wakampigia kelele awashe. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikatazama pembeni kumwonyesha mama, na benchi likawa halina mtu.

Nyota hazikuzungumziwa siku ile. Zilirudi zenyewe, na lile neno lilifutwa na aliyeliandika. Msimamizi alitunga aya tatu kuhusu utaratibu mpya: kabla ya kulipa, mnunuzi ana haki ya kupiga video na kupuliza, na mfugaji atamfungulia manyoya. Basi ukipita mjini Kakamega asubuhi ukamwona mtu na aproni amesimama mlangoni pa hoteli akiipuliza simu, usimwite mwendawazimu. Ananunua kuku. Picha ya jogoo Senje alikataa kuiondoa, na hakuna aliyemlazimisha tena. Wafugaji wengine nao wakaanza kuweka majogoo wao, na yupo mmoja wa Matungu ambaye jogoo wake, kusema kweli, angefichwa.

Nami niliacha ule mtindo wa kusema tu nitumie wanne. Kila nilipohitaji kuku nilimpigia kwa video, tukaulizana habari za mvua na za magoti, na ndipo tukafika kwenye tenga. Haikuwa kama zamani. Moshi wa kuni zake sikuusikia puani, na chai kila mtu alikunywa kwake. Lakini nilianza kuzingoja simu zile tangu alfajiri.

Siku moja tulikuwa tumemaliza, nikawa nataka kukata. “Ngoja,” akasema. “Kila siku ni mimi. Senje geuza simu, Senje onyesha kuku, Senje onyesha banda. Leo geuza wewe.”

Nikacheka, nikageuza. Nilimwonyesha jiko, kuni, na sufuria kubwa. “Bado ni ile?” akauliza. Nikamwambia ni ile. Nilimwonyesha meza na wateja, wakampungia mkono na vidole vyenye mchuzi.

“Sasa wewe.”

Nilijigeuzia simu.

“Toka hapo gizani. Sogea kwa mwangaza.”

Nikasogea mlangoni. Alinitazama kwa muda, macho yakienda juu na chini, na nilijikuta nimenyoosha mgongo.

“Umekonda,” alisema. “Hawa kuku nakutumianga, wewe hukulangi?”

Ningeweza kumjibu kwa utani. Nilifungua mdomo kufanya hivyo, na kilichotoka kilikuwa ukweli. Nikamwambia sijala kuku tangu mama afariki. Tulikuwa tukila pamoja wateja wakiisha, yeye na mimi, kwenye benchi la nyuma, tukigombania mgongo. Nilipojaribu mara ya kwanza peke yangu, tonge lilikwama. Tangu hapo nimekuwa napika, naonja chumvi, nauza, na mwenyewe najilia mboga nikiwa nimesimama. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nililia pale mlangoni, simu mkononi, na ndani mtu akaita mchuzi wa kuongezea.

Senje hakunipa pole. “Kesho nakutumia mmoja,” alisema. “Huyo si wa hoteli. Usimuuze. Na usinitumie kitu kwa simu. Upike, ukimaliza unipigie. Nataka nikuone ukikula.”

Kuku alifika, mtetea mweusi. Kwa mazoea nilimtumia Senje pesa, na zikarudishwa hapo hapo bila ujumbe wowote. Kuku nilimpika alasiri, baada ya mteja wa mwisho kuondoka, nikasonga obusuma ndogo, nikaegemeza simu kwenye kopo la chumvi, nikapiga. Alikuwa ameshaketi tayari, na kichwani amejifunga kitambaa chake cha kanisani.

Nilinawa akiniona. Tonge la kwanza lilikuwa gumu, na alijua, kwa sababu alianza kunisimulia habari za jirani aliyeoa tena, habari ndefu isiyohitaji jibu. La pili likapita. Nilikula paja, nikala mgongo wote bila wa kugombana naye. Nilipoanza kulamba vidole akaikatiza habari yake katikati.

“Imondo iko wapi?”

Imondo ni firigisi. Kwetu hupewa baba mwenye nyumba, na nilipokuwa mtoto, mwanamke aliyeila alisemwa mpaka sokoni. Mama hakuionja maisha yake yote. Hata baada ya baba kututoka aliendelea kuitenga, akampa mzee yeyote aliyekuwa amekaa hotelini.

“Iko kwa sufuria,” nikamwambia. “Nimeiacha.”

“Unamwachia nani?”

Nilipangusa vidole kwa leso.

“Nakuuliza. Hapo kwako, mwenye nyumba ni nani?”

Nilitazama meza, mabenchi, mlango wa nyuma ulio wazi. Nilitafuta mtu wa kumtaja.

“Toa,” akasema Senje. “Weka kwa sahani nione.”

Nikaitoa. Nikaiinua mbele ya simu aione vizuri pande zote, kisha nikaitia mdomoni, naye akasogea karibu mpaka uso wake ukajaza kioo, akaniangalia nikitafuna mpaka nikameza.